Hodi Katika Wimbo wa Nane

Kwenye albamu ya Tauno hakuna ngoma.
Naliweka hilo mbele, lisije likasemwa nyuma yangu:
nyimbo kumi, gitaa kavu, sauti moja inayokwaruza,
na mimi, mpiga ngoma wake wa miaka ishirini na miwili,
nimekaa kwenye meza ya mlangoni, nauza.

Tulipiga kelele, tusidanganyane.
Kutoka Kemi hadi Lahti vioo vya baa vilitujua kwa kutetemeka.
Ngoma ivumayo sana, mwisho wake unaujua;
kwetu kilichopasuka ni sikio lake la kushoto.
Daktari wa Kuopio akamchorea mstari unaoporomoka
kama kilima cha watoto wa kuteleza thelujini,
akasema, "Pumzika, au uizoee filimbi hiyo mpaka kaburini."

Alipumzika Novemba yote. Desemba ikamshinda.
Darini kwa marehemu mama mkwe alikuta gitaa
lenye ufa uliozibwa kwa gundi ya seremala
na nyuzi tano. Wa sita akanunua.
Hakutunga kitu. Nyimbo zake mwenyewe, alisema,
zilikuwa suti ya harusi ya mtu aliyekwisha kuachwa.
Akaazima za wengine:
ule wa mafundi wa reli, ule wa pombe na msamaha,
ule wa tangazo la kahawa tuliouimba shuleni kwa matusi,
na tango la kumbi za kando ya ziwa,
ambalo mama yangu alilivumisha akikunja mashuka,
akilikatiza palepale kila mara, kabla ya ubeti wa mwisho.

Alirekodi jikoni, usiku,
jokofu limechomolewa lisingurume.
Sirkka mkewe alipoteza kilo nne za samaki
na hajamsamehe,
ingawa paa jipya analolala chini yake ni la albamu hiyo.

Kwani iliuzwa. Iliuzwa mpaka ikatutia haya.
Za kwetu za zamani ziko gerejini kwangu,
maboksi kumi na moja, chini ya matairi ya kiangazi.
Hii nimeisikia kwa daktari wa meno,
mdomo wazi, sina la kusema.
Nimeisikia dukani, kwenye rafu za siagi,
na mwanamke mmoja kasimama na kikapu,
siagi hachukui, haondoki.

Wivu? Ulikuwepo. Kama kokoto kiatuni:
unatembea, unafika, ila kila hatua unaijua.

Sasa sikiliza wimbo wa nane, lile tango.
Baada ya ubeti ambao mama hakuufikia
kuna kimya, halafu: ko, ko,
ko.
Mchambuzi wa gazeti moja la Helsinki aliandika
kwamba huo ni moyo wa taifa zima
ukigonga kifuani mwa majira ya baridi.
Ni mimi. Nilikuwa narudisha ngazi.
Ndani nyuzi sita, nje nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri,
sikujua kama anarekodi, nikabisha hodi.

Angeweza kunifuta. Nyimbo nyingine alizirudia mara thelathini;
huo hakuugusa tena.
Nilipomuuliza alisema tu, akikaza uzi,
"Uliingia kwenye mapigo."
Karibu niingie. Hodi ya tatu ilichelewa.

Jana, Joensuu. Ukumbi umejaa, makoti ya mvuke,
harufu ya sufu iliyolowa.
Akafika pale, akanyamaza,
kiganja juu ya nyuzi,
sikio zima limeelekezwa mlangoni.
Watu mia nne, hakuna aliyekohoa.
Mtu alikuwa anasubiri chenji yake. Nikaiweka chini.
Nikagonga meza mara mbili,
nikangoja kidogo,
maana siku ile vidole vilikuwa vimeganda,
nikagonga ya tatu.